Mpaka Umalize Mtihani

Mkwatani, Kilosa
14 Januari 2024

Mume wangu Melkizedek,

Hujambo huko kwenye tembo wako? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mvua imetukalia kooni tangu Krismasi. Mto umepanda, watu wa bondeni wamehamishia magodoro yao shuleni, na ule ukuta wa choo aliokuwa akiuegemea marehemu babu yako Lupakisyo akivuta sigara umelala chini wote. Jirani yetu Lea amejifungua mtoto wa kike, ana nywele nyingi utadhani alisukwa tumboni. Kuku wangu wanataga ovyo ovyo, hata kwenye kiatu changu cha kanisani.

Unajua kwa nini naandika. Masikio yangu yamestaafu kabla yangu. Nikishika simu nasikia kama mtu anakaanga vitumbua, najibu "eeh, eeh" tu, kisha mnanicheka. Kwa hiyo barua hii atakuletea Deo, kondakta wa basi la asubuhi, yule mwenye pengo, na wewe utanijibu kwa mkono wake huo huo. Usinitumie maneno kwa simu ya mama yako. Mambo ya mume na mke hayapitii kwa mama mkwe, hata kama mama mkwe huyo nimemzaa mimi.

Sasa hili la safari. Nimeelezwa kwamba chuo cha Uingereza kimekukubali ukasomee wanyamapori, ufadhili upo, kimebaki kikwazo kimoja, mtihani wa Kiingereza. Mimi nimefundisha Kiingereza hapa Kilosa mpaka chaki ikanikausha vidole, na sielewi kabisa mtu mwenye digrii aliyoisoma kwa Kiingereza anaulizwaje tena kama anakijua. Haya, ndivyo wanavyotaka. Lakini nikuulize, hiki kijiji chetu cha Ulaya unachokipita na basi kila ukija nyumbani hakikutoshi? Kina ndizi, kina kituo cha basi, na hawaombi mtihani.

Nakutania. Soma. Mama yako ameniambia nikuandikie kwamba yeye ni mzima, na kwamba usije Kilosa mpaka umalize mtihani. Nimeandika.

Anayekungoja na meno aliyobakiwa nayo,
Hildegarda


Mikumi
4 Februari 2024

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka samaki, Deo aliichomeka kwenye kapu la abiria. Poleni sana na mvua, na mpe Lea hongera. Huku ni salama. Juzi tembo walisimama katikati ya barabara kuu, malori yakapanga foleni mpaka hapa kwetu hotelini, tukauza chai kama siku ya sikukuu. Nyani wameiba tena sukari ya mezani. Mimi niko mapokezi kama kawaida, nagawa funguo na kueleza wageni kwa nini maji ya moto hayajaja.

Bibi, maneno yananimaliza. Nilidhani nakijua Kiingereza. Kumbe kile nilichokijua ni cha kuombea maji. Hawa watu wana neno la kila kitu na kila neno lina ndugu zake watano, na mtihani unakuuliza yupi kati yao anafaa kukaa hapa. Nimeyaandika kwenye vipande vya karatasi na kuyabandika chumba kizima. Kwenye kioo nimebandika "reluctant", kwa hiyo kila nikinyoa ndevu nakumbuka mtu asiyetaka kufanya jambo. Doto, mpishi wetu, ananiuliza maswali huku akimenya viazi. Hajui maana hata ya neno moja ila nikikosa anajua, anasema ninakodoa macho.

Jana nilimwambia mgeni mmoja Mjerumani kwamba nyani wa hapa ni "ubiquitous", yaani wametapakaa kila mahali. Akaniuliza kama hiyo ni aina mpya ya nyani. Nilicheka, kisha nikaenda chooni nikakaa peke yangu kidogo.

Neno nililolipenda wiki hii ni "alleviate". Ni kupunguza makali ya maumivu bila kuondoa ugonjwa wenyewe. Ona, kitenzi kimoja tu kinabeba yote hayo.

Mtihani ni mwishoni mwa Machi, Dar es Salaam. Nikipata alama wanazotaka, Bibi, Mama hatashika tena jembe kwenye shamba letu la Rudewa. Hilo ndilo linaloniamsha. Ila Mama amekuwaje? Nikimpigia anakata haraka, anasema sufuria linaungua. Kila siku sufuria linaungua? Mnapika nini huko?

Mumeo asiye na ng'ombe,
Melkizedek


Mkwatani, Kilosa
10 Machi 2024

Mume wangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, usinune. Nilikuwa na uuguzi wa hapa na pale, mara mafua yangu, mara mtoto wa Lea, mambo ya kina mama. Mvua imepungua. Mahindi ya jirani wa Rudewa yaliingiliwa na ng'ombe usiku, wakulima na wafugaji wakapelekana kwa mtendaji, na bado wanapelekana. Shamba letu mwaka huu amelima Frank, binamu yako. Usiniulize kwa nini. Kijana ana nguvu, alime.

Hilo neno lako la kupunguza maumivu nimelisoma mara nyingi. Ni neno zuri. Nilimsomea mama yako, akasema, "Mwanangu ana akili huyo," akageukia ukutani.

Nitakupa hadithi badala ya ushauri, maana ushauri wa walimu wastaafu unachosha. Mama yako Paulina alikuwa darasa la saba, wa kwanza darasani, masista walishamtafutia nafasi ya sekondari. Siku ya mtihani babu yako akafa pale relini, akifunga mabehewa. Kaka yangu Amon, kwa uchungu wake, akaenda moja kwa moja shuleni, akagonga dirisha la chumba cha mtihani, akasema, "Paulina, toka, baba yako hatunaye." Mtoto akaacha kalamu juu ya karatasi, akatoka. Hakurudi tena kwenye ule mtihani wala kwenye mwingine wowote. Amekuwa mtu wa jembe mpaka leo.

Tangu hapo nyumba hii ina sheria yake, na mama yako ndiye aliyeitunga. Mtu mwenye mtihani haambiwi. Mjomba wako Emanueli alipokuwa kidato cha nne tulimzika shangazi yake, tukakaa matanga, tukafagia uwanja, na yeye akaja kuambiwa baada ya karatasi ya mwisho. Alitulaumu siku nyingi. Lakini alifaulu.

Basi nenda Dar ukafanye. Ukitoka tu kwenye chumba hicho, siku hiyo hiyo, mpigie mama yako umwambie umemaliza. Usingoje majibu. Nasema siku hiyo hiyo, Melkizedek, umenisikia?

Anayekuombea rozari nzima bila kusinzia,
Hildegarda


Mikumi
21 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini mmeamka vizuri. Nisamehe kwa kimya, na kwa kutokuja Pasaka. Hapa kazi zipo. Meneja amebadilisha mashuka, Doto ameungua mkono na mafuta lakini anaendelea, mvua imekata barabara ya hifadhini na wageni wamepungua.

Bibi, nimeanguka.

Nilifanya mtihani Machi kama nilivyosema. Kusoma nilipita, kusikiliza nilipita. Kuandika ndiko kulikonizika. Walitaka insha kuhusu maji mijini, mimi nikamwaga kila neno nililobandika ukutani, moja juu ya jingine, nikidhani wataona jinsi nilivyosoma. Alama niliyopata sitaki hata kuiandika. Nimekaa nikaisoma tena ile insha kichwani, hata mimi mwenyewe sikujua nilikuwa nasema nini.

Wale wa chuo ni waungwana. Wamenipa mpaka mwisho wa Julai kuleta majibu mapya. Nimejiandikisha kurudia Juni.

Sasa sikiliza, na usinikasirikie. Nilipotoka kwenye kile chumba Dar nilijua kwamba nimeharibu. Mama akapiga mwenyewe jioni ile, akaniuliza, "Umemaliza, mwanangu?" Sauti yake ilikuwa ndogo, yenye hamu, nikashindwa. Nikamwambia umesogezwa mbele mpaka Juni. Kisha akasema, "Haya. Hamna neno. Tutangoja."

Nakuomba, Bibi, kwa ule utani wetu na kwa yote mengine, usimwambie. Amelima maisha yake yote kwa ajili ya karatasi hii. Niache nirudie, nifaulu, nimwambie mara moja tu, habari njema. Wewe peke yako ndiye unayejua.

Nayatoa maneno ukutani. Mengine yameng'oka na rangi.

Melkizedek


Mkwatani, Kilosa
5 Mei 2024

Melkizedek,

Marahaba. Leo sikuiti mume. Habari za nyumbani utazipata siku nyingine.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kuanguka mtihani si kitu. Nimewaona watoto walioanguka wakawa watu wazima wazuri tu. Kilichonitoa jasho ni hiyo Juni uliyomwambia mama yako.

Mpigie. Mwambie ukweli. Mwambie ulishafanya, ulishatoka chumbani, umekosa, unarudia. Mwambie leo ukishasoma hapa. Usingoje uoge.

Utaniuliza kwa nini. Siwezi. Kuna jambo ambalo mama yako ameapa hataligusa mpaka umalize mtihani wako, na ameniapisha mimi kwa jina la babu yako nisikutajie. Amewaapisha wote, Frank, Lea, mpaka Deo anayekuletea hii. Sasa na wewe umenifunga mdomo upande wa pili. Mmenikalisha katikati, yeye ananiambia usimwambie, wewe unaniambia usimwambie, na mimi ni kikongwe nisiyesikia, nimebaki naangalia midomo yenu tu ikisema neno moja. Sijawahi kuwa hivi maishani mwangu. Asubuhi nakoroga uji nasahau kama nimetia sukari, naonja, nasikia chumvi, nalia.

Nimefundisha watoto wa watu kusema kweli kwa fimbo. Usinifanye nimwambie mimi. Mwambie wewe, ni mama yako.

Hildegarda


Mikumi
2 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako na nimekaa nayo muda mrefu, nikitafuta namna ya kukujibu bila kukosa adabu.

Hamjambo? Huku hatujambo.

Najua jambo lenyewe, Bibi. Msifikiri mimi ni mtoto. Ni ile kesi ya shamba la Rudewa. Frank alipita hapa na pikipiki yake, nikamuuliza Mama hajambo, akaanza kuangalia matairi. Nikambana, akasema Mama amekonda. Nani asiyekonda na kesi? Najua Mama anangoja niende nikasimame mbele ya mtendaji kama msomi wa familia. Nitasimama, nakuahidi. Lakini kesi za ng'ombe na mahindi zilikuwapo kabla sijazaliwa, zinaweza kungoja wiki chache.

Siwezi kumwambia, Bibi. Nimejaribu. Nimeshika simu, nimebonyeza jina lake, amepokea, amesema, "Unasoma, baba?" nikasema, "Nasoma, Mama." Akasema, "Soma. Mimi naweza kungoja."

Tena kuna jingine. Juni nafasi zimejaa, wamenihamishia Julai tarehe za mwanzo. Nimeshamwambia Mama kwamba umesogezwa tena. Alikohoa, akamwita mtu amletee maji.

Nimechoka, Bibi. Nikilala maneno yanapita. Nikiamka hayapo. Nikikosa Julai sina pa kuuweka uso wangu. Kwa hiyo nakuomba uniache mpaka Julai. Usiniandikie tena mambo ya kuniogopesha.

Mjukuu wako,
Melkizedek


Mkwatani, Kilosa
30 Juni 2024

Mume wangu, mtoto wangu,

Marahaba ya zile salamu za mwanzo wa mwezi, na unisamehe kimya. Leo hakuna habari za kuku.

Nimevunja ahadi zote mbili. Yako niliivunja Jumapili iliyopita. Yake naivunja sasa hivi, naye amelala chumba cha pili, Lea anampepea.

Mwezi wa kwanza, kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza, mama yako alinionyesha titi lake la kushoto. Kulikuwa na uvimbe mgumu na ngozi imevutwa ndani. Daktari wa hapa alikuwa ameshamwambia aende hospitali kubwa upesi, wakate, huenda akapona. Nikamwambia tuondoke kesho. Akasema, "Mama, nikienda kukatwa, Melki ataacha kila kitu aje kukaa mlangoni kwa daktari. Namjua. Mtihani ni Machi. Machi akimaliza nitakwenda." Nikagomba, nikalia, nikamtishia kumwita Padre. Akaniambia, "Wewe ulimwacha mjomba Amon agonge dirisha." Ndipo nikaapa.

Machi ikaja, ukamwambia Juni. Juni ikaja, ukamwambia Julai. Uvimbe ulikuwa umeshapasuka, ukawa kidonda, tunauosha kwa maji ya chumvi na kuufunga na kitambaa cha kanga, na yeye anapokea simu yako anasema sufuria linaungua. Hakukuwa na sufuria. Alikuwa anauma shuka.

Jumapili alishindwa kwenda misa. Nikarudi nikamkuta amekaa kitandani, amejishika, anatikisika. Nikasema basi, Melkizedek na anichukie. Nikamwambia, "Paulina, mtoto alishafanya huo mtihani. Alifanya Machi. Alikosa, akaona aibu, anarudia." Nikangoja anipige na kile kikombe.

Akaniambia nirudie, nikarudia. Akasema, "Kumbe alishatoka chumbani?" Akatabasamu, Melki. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu alipokuwa msichana mdogo. Akasema, "Mimi nilijiwekea nadhiri ya kungoja ule wa Machi tu, mama. Huu mwingine ni wa kwake. Basi, nipelekeni hospitali."

Mfuko ulikuwa tayari nyuma ya mlango. Kanga, kikombe, sabuni, kadi ya hospitali. Alikuwa ameufunga tangu Februari.

Frank akatafuta gari, tukaenda Morogoro. Daktari ni mwanamke mpole, hakutugombeza. Alimfunua, akamfunika taratibu, wakampiga picha za kifua na tumbo, kisha akaniita pembeni. Kwa kuwa sisikii, aliniandikia kwenye karatasi. Aliandika kwamba ugonjwa umeshaingia kwenye mapafu na ini, kwamba hapo mwanzo wa mwaka wangeweza kukata, na sasa watampa dawa za maumivu tu, turudi naye nyumbani. Kiswahili chepesi kabisa, kila neno nililijua. Nikainamisha kichwa kama mwanafunzi asiyejua jibu.

Yeye hakuiona ile karatasi. Anadhani dawa hizi ndizo matibabu, na anameza kwa bidii, ananiuliza saa ya kidonge kingine. Njia nzima ya kurudi alikuwa anahesabu vitu atakavyokufungia uende navyo Uingereza, unga wa ulezi, dagaa, shuka zito. Tulipofika nyumbani akaniapisha upya, nisikwambie mpaka umalize huu wa Julai. Nikamkubalia, nikatoka nje, nikachukua kalamu.

Sikulaumu peke yako. Wewe ulisema uongo wa mtoto anayeogopa kumvunja mama yake moyo. Mimi nilikuwa mtu mzima, nilijua pande zote mbili, nikakaa nazo tumboni mwezi mzima wa Mei na Juni nzima, nikidhani kutunza ahadi ni kazi njema. Ningefungua mdomo siku ile niliyosoma barua yako ya Aprili, labda. Hilo neno labda ndilo linaloniamsha usiku, na sina mtu wa kumuuliza.

Deo nimemwambia akukabidhi barua hii mkononi, na asiondoe basi bila wewe. Mwache meneja apige kelele. Kuhusu mtihani, amua mwenyewe ukishamwona. Sina tena cha kukufundisha.

Ila jiandae kwa jambo moja. Macho yake yamekuwa makubwa na masikio yake bado yanafanya kazi, atakusikia tangu getini. Na kabla hujakaa, kabla hata hujamaliza kumwamkia, atakuuliza, "Umemaliza, mwanangu?"

Bibi yako,
Hildegarda